Mpima Dagaa wa Kirumba

Kazi yangu ni mizani, mwaloni Kirumba.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, unatulia,
nami natakiwa kutamka: thelathini na saba na nusu.
Maneno matano tu, na mawili kati yake ni "na".
Mate yananikauka. Shingo inashika moto.
Nachukua chaki, naandika kwenye kibao.
Miaka sita naandika.
Wachuuzi wameniita Chaki, nami nimeitika kwa kichwa.

Msidhani sina sauti.
Nyumbani Mabatini, mlango ukishafungwa,
naongea na sufuria, nagombana na panya, nashinda.
Ni macho.
Jozi mbili tu za macho zikinigeukia
nakuwa dagaa juu ya jabali saa saba mchana:
nakauka huku najiona.

Harusi ya dada yangu Milembe nilijificha kwa wapishi,
nikamenya vitunguu mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.
Shangazi akasema, ana mapepo.
Baba akasema, ana maringo.
Katekista akasema, aombe.
Niliomba. Ubatizo wa mtoto wa Milembe, nikamenya tena.

Kisha nikasikia redioni: hofu hii ina jina, na ina tiba.
Nikapanda ghorofa ya pili, mjini kati,
ofisi yenye pazia zito na maua ya plastiki.
Elfu sitini, kwa saa moja.
Siku nane za kutazamwa
ili ninunue saa moja ya kueleza
kwamba naogopa kutazamwa.
Nikashuka ngazi. Hata kwaheri sikuiweza.

Zahanati ya kata, nyuma ya chumba cha chanjo,
kila Alhamisi saa kumi, kwa elfu tatu,
muuguzi Nyanzobe hupanga viti sita kwa duara.
Alhamisi ya kwanza niliishia bombani.
Nikanywa maji, nikarudi nyumbani.
Ya pili niliishia mlangoni.
Ya tatu nikakuta kiti kimewekwa kizingitini,
naye akaendelea kufundisha
kana kwamba kizingiti nacho ni chumba.

Tuko watano.
Bi Kwandu, mwalimu, hajala mbele ya mtu tangu aajiriwe.
Kijana wa bodaboda hawezi kutaja nauli,
hupokea anachopewa na kusema asante.
Kila mmoja aliandika ngazi ya hofu zake, kuanzia chini.
Yangu: kumwuliza mtu saa, huku nimevaa saa.
Kununua nyanya, kuzirudisha.
Juu kabisa: kutangaza uzito.
Nyanzobe akachukua kalamu, akaongeza kidato kimoja:
*Ukosee. Makusudi.*

Jumanne. Gunia la Mama Bugumba.
Mshale umesimama thelathini na saba na nusu.
"Arobaini na tisa," nikasema.
Sauti ilitoka kama bawaba yenye kutu.
Mama Bugumba akainama, akautazama mshale, akanitazama mimi.
"We Chaki! Kumbe mdomo unao, macho ndiyo huna!"
Wakacheka. Nikangoja kufa.
Korongo aliendelea kudonoa matumbo ya sangara.
Mtu akauliza bei ya mkaa.
Nikangoja tena kidogo.
"Thelathini na saba na nusu," nikasahihisha,
na ile "na" ya pili ikanitikisa kidevu.

Sijapona. Jana nilizunguka mtaa mzima
kukwepa salamu moja.

Ila leo Nyanzobe ametuambia
waliokuwa wakitulipia chumba wamejitoa.
Mwezi ujao, tujilipie wenyewe au tufunge.
Watano tukatazama sakafu,
kazi tunayoiweza wote bila kufundishwa.
Kodi ya chumba. Nauli yake. Chai.
Lazima mtu apige hesabu.
Nikasikia mtu anapiga hesabu,
kwa sauti, bila chaki:
"Elfu nne na mia tano kila mmoja," alisema,
"ikiwa huyu wa bodaboda
ataanza kudai nauli zake."